Kikandaa na kitwitwi wa hori moja

Wageni wanaopanda mashua yangu huuliza ndege. Mmoja anamtaka heroe, mwingine amesikia kuna ndege mweupe na mweusi anayekula kaa, mwingine ana kitabu cha picha na kurasa ameshazikunja pembe tangu kwao. Hajapanda hata mmoja akaniuliza kikandaa. Siwalaumu. Hata hapa Amu kwenyewe, yaani Lamu, ukimtoa mkata boriti na mtu wa misitu, ukitaja kikandaa utasahihishwa: "Mkandaa, wataka kusema." Hapana. Mkandaa naujua, gome lake hutoa rangi nyekundu na mti wake ni mwingi. Nasema kikandaa, kichaka chenye maua meupe kinachoota nyuma kabisa ya mikoko, pale ambapo watu wengi hudhani mikoko imekwisha.

Na ndege ninayemfikiria mimi siye heroe. Ni kitwitwi. Wavuvi wetu huwaita vitwitwi ndege wote wadogo wanaokimbia topeni maji yakipwa, bila kubagua. Ninayemzungumzia hapa ni mmoja katika hao, mwenye mdomo mrefu mweusi uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea.

Mimi ni nahodha wa mashua ya mashini. Napeleka watu Shela, Kipungani, Matondoni, Pate maji yakiruhusu, na Takwa. Takwa ndiko kulikonifunza mengi, si kwa magofu yake bali kwa njia yake. Mji ule ulihamwa karne ya 17 na hakuna aliyerudi kukaa, na kuufikia kwa maji ni kupita hori jembamba lenye mikoko pande zote mbili. Maji yakiwa yamejaa unaingia hadi ndani. Yakianza kupwa, una dakika chache za kuamua. Ukichelewa mashua inalala ubavu juu ya tope, mgeni anatazama saa kwa sababu ndege yake inaondoka uwanja wa Manda alasiri, na wewe unashika pondo kusukuma kitu kisichosukumika. Kwa hiyo nahodha huwahi, na akishawahi hungoja. Kungoja ndani ya hori, usubi wakikuuma nyuma ya masikio, hakuna la kufanya ila kutazama.

Ndege nilifunzwa kwanza. Kila Januari hufanywa hesabu ya ndege wa majini katika nchi nyingi za Afrika, na wahesabuji wakifika pande hizi huhitaji mashua na mtu anayejua tope lipi linatokea saa ngapi. Nikawa mimi. Dada mmoja aliyetoka Nairobi na darubini yake ya miguu mitatu ndiye aliyenionyesha namna ya kuhesabu kundi. Hawahesabiwi mmoja mmoja, kwa sababu ukifika thelathini wameshahama. Unahesabu kumi kwa makini, unalishika fungu lile la kumi kwa jicho, halafu unalipitisha juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa kubwa sana unashika fungu la mia. Nilidhani ni ubabaishaji. Tukahesabu kundi moja yeye na mimi, kila mtu kivyake, kisha tukaambiana, na tofauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka iwe.

Ukimpata kitwitwi huyu karibu, darubini ikitulia, kuna mengi ya kuona. Hali kwa kudonoa juu juu. Huuzamisha mdomo topeni mara nyingi mfululizo, akitembea, na mara nyingine anaingia majini hadi tumbo na kichwa kikazama pia. Anatafuta minyoo na wadudu wadogo wa topeni kwa kugusa zaidi kuliko kuona. Akipata mnyoo hauvuti kwa pupa. Anaukaza polepole hadi uachie, kisha anautikisa mara moja majini kuuosha, nao huyoo. Akiruka utaona kiuno cheupe juu ya mkia, na hiyo ndiyo alama rahisi ya kumtenga na wenzake. Januari ni wa kijivu, huna utakachomsifia. Ukimwona tena Aprili, kaskazi imekwisha na mvua zinanukia, kifua na tumbo vimeanza kugeuka rangi ya tofali, na amenenepa hadi shingo haionekani. Hapo anajiandaa kuondoka.

Anakokwenda ni kaskazini ya Siberia, kwenye nchi tambarare ya baridi isiyo na miti, Rasi ya Taimyr na majirani zake. Kutoka hapa kwetu ni kama kilomita 9,000 kwa mstari ulionyooka, naye hafuati mstari ulionyooka. Ndege mwenyewe katika siku zake za kawaida ana gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku. Juni anataga huko, na vifaranga hutembea na kujitafutia chakula tangu siku ya kwanza. Wakubwa huanza kurudi mapema, Agosti unawaona hapa, baadhi wakiwa bado na mabaka ya ile rangi ya tofali. Watoto hufuata baadaye, peke yao, kwa njia ambayo hawajaipita maishani. Hilo la watoto kusafiri wenyewe niliuliza mara mbili kuhakikisha sikulisikia vibaya.

Kuna jambo jingine nililoambiwa topeni pale ambalo mpaka leo hunisimamisha. Huko Siberia kuna panya wadogo wa baridi, lemingi, ambao idadi yao hupanda na kushuka kila baada ya miaka michache. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa huko hushiba hao, na vifaranga vya kitwitwi hukua salama. Lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na vifaranga. Kwa hiyo tunapohesabu hapa Lamu na kukuta watoto wa mwaka huo ni haba, huenda sababu ni panya aliye mbali mno ambaye hakuna mtu wa Amu atakayemwona. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama kitwitwi nikamwona kuwa ni wa hapa tu.

Kikandaa nacho nilifunzwa na mzee mmoja wa bara, upande wa Mokowe, aliyekuwa mkata boriti tangu ujana. Nimwite Ami, kama nilivyomwita. Alikata enzi ambazo boriti za Lamu zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, akakata baada ya 1982 serikali ilipopiga marufuku kupeleka nje, na alikuwa ameshaweka shoka chini ilipokuja marufuku ya kukata ya 2018 iliyowaacha vijana wengi bila kazi. Yeye mikoko aliigawa kwa kazi. Mkoko na mkandaa ni pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na jina lake na bei yake kwa korija, yaani miti ishirini. Mchu ni mtumbwi na kuni. Mkomafi una mbao nzuri. Katika mgawo huo kikandaa hakikuwa na nafasi.

Siku hiyo tulikuwa nyuma ya hori moja ambalo sitalitaja. Nilikuwa nimewaleta vijana wa kupima misitu, wale wanaotanda kamba mraba wa mita kumi kwa kumi na kuandika kila mti ulio ndani. Ami alikuwa kiongozi wao wa njia. Tulitoka kwenye kivuli cha mikandaa, jua likatupiga, mbele yetu uwanda mtupu wenye ganda la chumvi, na ukingoni mwa uwanda ule vichaka vichache vya kimo cha mtu. Vijana wakaandika mkandaa. Ami akakohoa.

"Ndoo, mwanangu," akaniita nisogee. "Shika jani hili."

Nikashika. Nene, limejaa maji, laini kama halikuota kwenye chumvi. Urefu wake haufiki kidole changu cha kati.

"Tazama ncha."

Nchani jani lilikuwa limebonyea ndani, kitobwe kidogo sana, ambacho ukiwa hukuambiwa ungedhani limeliwa na mdudu. Nikatazama la pili na la tatu. Yote.

"Mkandaa majani hukaa mawili mawili yakitazamana," akasema. "Hapa yanapishana. Na huku chini huoni magoti ya mizizi. Hiki ni kikandaa."

"Kina kazi gani, Ami?"

"Hakina boriti. Hakina pau. Kikizeeka sana utapata fito. Lakini sisi tulikitafuta, kwa sababu kilipo hiki, ndipo pa kuweka chungu."

Akaeleza. Wakata boriti walikuwa wakikaa horini majuma kwa majuma. Walihitaji mahali pakavu pa kupika na kulala. Mkoko na mlilana huoshwa na maji kila siku, mkandaa mara nyingi, lakini kikandaa hukaa pale ambapo maji ya kila siku hayafiki. Ni bamvua tu, yale maji makubwa mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ndiyo huja kukigusa. Kwa hiyo ukikuta kikandaa umekuta kitanda, isipokuwa siku zile chache ambazo huna budi kuhamia jahazini. Walijua kalenda ya mwezi kwa kichaka.

Kijana mmoja akafungua kitabu chake, akapata: Lumnitzera racemosa. Ukoo wake ni ule ule wa mkungu, mti ambao kila mtoto wa Lamu amepasua kokwa zake kwa jiwe. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya nchi iko kaunti yetu, lakini wengi huo ni wa aina mbili tatu tu. Kikandaa ni katika wale wachache, unapita hori zima hukuti hata kimoja, kisha unakuta vichaka vinne mahali pamoja.

Maua sikuyaona siku hiyo. Niliyaona nilipopita tena kwa shughuli zangu, nikasogea nitazame, na nikasikia nyuki kabla ya kuona ua. Ni madogo, meupe, petali tano, yamepangana kwenye kishada kifupi kinachochomoza kati ya jani na tawi. Ukiwa hatua kumi mbali huyaoni, unaona kichaka kimepauka tu. Ukiwa karibu, kila kishada kina nyuki, vipepeo wadogo na nyigu, katika uwanda ambao hauna ua jingine lolote kwa macho yote unayoweza kutupa. Nilisimama pale nikafikiri hawa nyuki wanatoka wapi, na wasingekuwa na kichaka hiki mwezi huu wangekula nini. Jibu sina, na mfuga nyuki mmoja wa Hindi, kijiji cha huku bara, niliyemuuliza alicheka akasema nyuki hawamwagi siri.

Sasa mtu atauliza, kichaka na ndege vinakutana wapi hata uvilinganishe. Vinakutana mahali pamoja hasa, na saa moja hasa.

Kitwitwi hufuata maji. Yakipwa anashuka nayo, yakijaa anapanda nayo, mguu wake daima uko pale tope lilipotokea punde. Siku za maji mafu bahari haipandi sana, naye hupata pa kusimama huku chini, juu ya mchanga ulioachwa. Lakini bamvua ikija, mchanga wote unazama, tope lote linazama, mikoko imesimama majini hadi kiunoni. Hapo vitwitwi huinuka kwa makundi, wanazunguka juu ya vilele vya mikoko, kisha wanatua kwenye ule uwanda wa chumvi nyuma. Wanasimama kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni, wote wameuelekea upepo. Wakati huo huo maji yanafika kwenye vikandaa. Ndio wakati pekee ambapo kikandaa kinakunywa bahari na kitwitwi analala nchi kavu, na umbali kati yao ni wa kurusha jiwe. Mara ya kwanza kuliona hilo nilikuwa nimemaliza kumshusha mgeni, sina haraka, na nikaelewa kwamba maisha yote mawili yanategemea ukanda ule ule wa ardhi ambao watu huuita hauna kitu.

Basi nikaanza kuvifikiria pamoja, na jambo lililonisumbua zaidi ni uadimu. Hapa kwetu kitwitwi si adimu. Ukija Desemba kwenye tope zuri utamwona hadi umchoke. Kikandaa ni adimu, unaweza kuzaliwa na kuzeeka Lamu usikione. Lakini katika orodha ya viumbe vya dunia ya IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, mambo yamegeuka. Kitwitwi huyu mwaka 2024 alipandishwa daraja, akawekwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka, kwa sababu idadi yake duniani inashuka. Kikandaa kimewekwa kwenye daraja la wasiotiliwa shaka, kwa kuwa kinaota kuanzia pwani yetu hii, Madagaska, Bara Hindi, hadi Australia na visiwa vya Pasifiki. Yule ninayemwona kwa mamia ndiye anayeondoka. Kile ninachokiona kwa vinne vinne, duniani kiko.

Nilipoyaeleza haya kwenye baraza yetu baada ya swala ya alasiri, jirani yangu mmoja, fundi wa kuchonga milango, alisema basi shida iko wapi, kikandaa kikifa hapa kiko Australia. Nikamuuliza kama milango yake ikiisha Lamu atafurahi kusikia iko makumbusho ya Ulaya. Alinyamaza, lakini si kwa sababu alikubali. Alinyamaza kwa sababu kahawa ilifika. Hoja yake nimeirudia mwenyewe mara nyingi na haina uzito mdogo. Mtu mwenye fedha kidogo za kuhifadhi, akiambiwa achague, pengine kweli achague ndege. Mimi nasema hapa Lamu hatuna haja ya kuchagua, kwa sababu ukanda wao ni mmoja. Ukiulinda uwanda kwa ajili ya ndege, kichaka kimo ndani. Ila ukiulinda kwa ajili ya ndege tu, utaulinda vibaya, na hilo nitalieleza.

Tangu mipango ya bandari mpya, na hasa tangu gati la kwanza kufunguliwa 2021, ardhi ya bara imepanda thamani. Kila mtu ana bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja chake. Mahali pa kwanza panapotazamwa kuwa ni bure ni nyuma ya mikoko. Mbele kuna miti, watu wanaogopa sheria ya misitu. Nyuma kabisa kuna mashamba, yana wenyewe. Pale katikati, uwanda wa chumvi na vichaka viwili vitatu, panaonekana kama kiwanja kinachongoja. Mtu mmoja, sitamtaja, alimwaga vifusi vya kutengeneza njia ya gari kukatiza uwanda mmoja ninaoujua. Njia yenyewe si ndefu. Lakini iliziba mlango wa maji. Bamvua iliyofuata maji yalifika kwenye kifusi yakarudi.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya hawa wawili. Vitwitwi walikuja wakazunguka, wakaona magari na watu, wakaenda kutua uwanda mwingine upande wa pili wa hori. Hesabu ya mwaka uliofuata haikuonyesha kitu. Ndege walikuwapo, kundi lilikuwapo, fomu ilijazwa. Vikandaa vya ng'ambo ya kifusi vilibaki pale pale, vikapoteza majani kidogo kidogo, matawi yakawa ya kijivu, na baadaye mtu akavikata kuni. Hakuna fomu yake. Laiti Ami hakunionyesha ncha ya jani lile, nami ningepita nisijue kuwa kuna kitu kimetoka.

Lakini usidhani ndege hakulipa. Kila akiinuliwa wakati anapaswa kulala, anachoma mafuta aliyoyakusanya kwa ajili ya Siberia. Akihama uwanda mmoja ataupata mwingine. Akihama na huo, atajibana na wengine penye nafasi ndogo. Hasara yake haionekani hapa, huenda ikaonekana njiani, kwa ndege mmoja mmoja asiyefika, ambaye hakuna mtu atakayemwokota. Kwa hiyo wote wawili wanaficha hasara yao. Kitwitwi anaificha kwa kuhama, kikandaa kinaificha kwa kutojulikana. Anayehesabu ndege peke yake ataambiwa mambo ni salama hadi siku ambayo si salama tena. Kichaka, kwa kuwa hakina pa kwenda, kingemwambia mapema, kama angekijua. Ndiyo maana nasema kumlinda ndege tu ni kulinda vibaya.

Na kuna la bahari kupanda. Mikoko hujua kuhama, si kwa miguu bali kwa mbegu: maji yakipanda, miche mipya huota nyuma zaidi, ya mbele hufa, na msitu unarudi nyuma kwa vizazi. Anayeishi nyuma kabisa ndiye anayehitaji nafasi iliyo wazi nyuma yake. Ukimwekea ukuta au njia ya vifusi mgongoni, mkandaa utakuja kuchukua mahali pake na yeye hana pa kurudi.

Kuhusu kupanda, nimeona vikundi vingi vya kinamama vikipanda mikoko, na ni kazi ya kusifiwa. Ila wanapanda mkoko na mkandaa zaidi, kwa sababu miche yake humea ikiwa bado imening'inia kwa mama. Unaiokota, unaichomeka topeni, kwisha. Wafadhili hulipa kwa idadi ya miche na hupenda picha ya mistari iliyonyooka. Kikandaa hakining'inizi mche. Kina tunda dogo gumu lenye mbegu moja, linaelea, na lina subira yake. Mama mmoja wa kikundi cha upande wetu alikubali kujaribu. Tulikusanya matunda, tukapasua baadhi kuangalia, mengi yakawa matupu ndani. Mengine tukayaloweka na kuyatandaza kwenye mchanga uliochanganywa na tope, kivulini. Tulingoja hadi yeye akatumia nusu ya kile kitalu kwa mchicha. Kisha yakachomoza machache, mabua mekundu mekundu, membamba, ukiyamwagilia kwa nguvu yanalala.

"Baba Amina, hiki chako ni kazi ya mwenye pensheni," akaniambia. Lakini miche hakuing'oa, na mchicha akauhamisha.

Yaliyopona tuliyapeleka nyuma ya hori, kwenye ukingo wenye mchanga. Si mengi na sitayahesabu hapa, kwa sababu mambo ya miche ukiyatangaza mapema yanakufa. Nilichokitaka zaidi kilikuwa kujua kama inawezekana, na inawezekana, kwa mtu asiye na haraka wala mfadhili.

Wageni nimeanza kuwaambia. Mwanzoni nilijaribu kuiuza kama safari ya ua adimu. Haikushika. Mtu aliyelipa nauli kuona heroe, ukimfikisha kwenye kichaka kilichopauka jua la saa saba, atakuchukia kimya kimya. Sasa nafanya hivi: nawapeleka kuona vitwitwi wakitua wakati wa bamvua, kwa kuwa kuwaona wakigeuka angani wote kwa pamoja, mara weupe mara kijivu, hakuna asiyetoa simu. Wakishatulia na kushusha sauti, ndipo nampa kila mtu jani moja lililoanguka nimwonyeshe ncha. Wengi wanalitazama kwa muda kuliko nilivyotarajia. Mmoja alilitia ndani ya kile kitabu chake cha ndege.

Kama wewe ni mtu wa hapa na unataka kuviona vyote viwili, njoo kati ya Septemba na Aprili mwanzoni, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na upige simu mapema kwa sababu saa ya maji haitaki majadiliano. Ukitaka vitwitwi wenye rangi ya tofali, chagua mwisho wa Machi au Aprili, na ukubali kunyeshewa. Maua ya kikandaa siwezi kukuahidi. Nimeyaona miezi tofauti, na nyuki hujua kabla yangu. Vaa viatu vya kufunga, si champali, mizizi ya mchu hutoboa. Lete maji ya kunywa na kitu cha usubi. Kwenye uwanda tunakaa ukingoni, hatukatizi katikati ndege wakiwa wamelala, hata kama picha yako haijatoka vizuri. Bei tutakubaliana gatini kabla sijawasha mashini.